Vibanio vya Papasi

Mpwapwa, Jumatano, Mfungo Nane

Kumbe vibanio vilikuwa sandukuni muda wote.

Daktari Mjerumani aliniahidi kwamba wanafunzi wangu wakubwa watamkusanyia papasi, wale wadudu wa homa, kwa vibanio tu, wala hakuna atakayewagusa kwa mkono. Kwa ahadi hiyo nilipanda Kibakwe kumwomba mama yake Ndahani, mmoja wa wanafunzi hao, amruhusu mwanawe. "Nakupa, mwalimu," alisema. "Akidhurika, usirudi kula ugali wangu."

Leo nimemkuta Ndahani chumba cha darubini, anawatia papasi chupani kwa vidole. Nilimgusa shingo. Inawaka.

"Daktari anasema vibanio vinatuchelewesha, mwalimu. Eti sisi wenyeji hatuugui."

Nilimfuata daktari. Hakuinua hata jicho kwenye darubini. "Si wewe mwenyewe uliyeniambia, mwalimu?"

Ni kweli. Nilimwambia tukinywa kahawa: aliyekulia penye papasi haumwi sana, mgeni ndiye huanguka, kama nilivyoanguka mimi nilipofika kutoka Pangani nikiwa kijana. Nilimwambia ili awalinde wageni. Yeye akachukua nusu ya kwanza, akaifanya ruhusa.

Kibakwe ni milimani, kwenye baridi. Papasi hawajulikani huko. Ndahani hapa ni mgeni kama mimi, na hakuna aliyemuuliza kwao wapi.

Hata mimi sikumwambia daktari. Nilidhani vibanio vinatosha.

Nimemlaza kitandani kwangu. Mke wangu atamwangalia. Alfajiri napanda Kibakwe kumleta mama yake, na chakula changu nimekwisha kukifunga.