Bafta Iliyokwisha Kukatwa

Mjukuu wangu Zainabu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Sisi tu wazima. Nyanyako magoti yamsumbua, ulimi haumsumbui. Waniuliza kama vitabu vyako vya biashara vyasema kweli, kwamba watu hununua wasichohitaji.

Wakati wa vita, nguo zikiwa adimu, Timbwani palikuwa na mzee akiuza bafta ya sanda. Hakumwita mteja. Alikutazama kichwa hadi miguu, akakata kimo chako, akaweka rafuni. Ukipata habari, wiki haipiti ushaifuata.

Siku moja nilikwenda dukani kwake kununua mafuta ya taa, baba yangu yuko kitandani na homa.

"Ya babako nimeshaikata," akanambia polepole.

"Nani kakutuma?"

"Hapana mtu. Ukitaka, iache."

Nilifika mlangoni nikarudi. Kuinunua ni kama kuyaita mauti. Kuiacha pale, kimo cha baba kimekunjwa kwa watu, sikuweza. Nikainunua, nikaificha darini. Baba akapona, akaiona, akashonesha kanzu.

Nikaenda kumcheka yule mzee. "Ulikosea, ami."

"Nilikosea nini? Uliiacha?"

Nikainua macho. Rafuni palikuwa na kipande kimoja kirefu kuliko vyote. Sikuuliza cha nani. Nakijua kimo changu.

Nikakinunua, na hadi leo kiko sandukuni. Kila mwaka nakianika juani, nakirudisha. Vitabu vyako vikieleza sababu, niandikie. Ila barua hii usimsomee nyanyako. Hajui kwamba tulipooana, yule mzee alinikatia cha pili, kimo cha nyanyako, nami sikukiacha.

Babu yako