Kwa Baba, Mgomvi wa Zizini

Mwaka umezunguka, Baba, tangu tulipokuzika, na kondoo wako wanazaa tena. Huu ndio msimu wa kwanza bila wewe. Tuliuogopa kuliko tulivyomwambia mtu yeyote.

Kwa watu ulikuwa mpole mpaka wakakuonea. Fundi wa pampu alikuwa akimaliza chai yote ya birika, nawe unamwambia akae kidogo. Lakini msimu wa kuzaa, ukiingia zizini, ulikuwa mtu mwingine. "We mvivu! Unamngoja nani aje akuzalie? Sukuma!" Wapita njia walidhani unamgombeza Mama, ikambidi atoke mpaka kwenye uzio: "Jamani, si mimi! Ni kondoo!" Yeye aliona aibu, wewe ulicheka mpaka machozi.

Tangu uondoke, Mama alikuwa hapandishi sauti. Tukimwuliza jambo, anajibu kwa kichwa. Wiki iliyopita Bi Mkubwa, yule kondoo wako mzee anayetangulia wenzake malishoni, alijitenga kwenye kona akaanza kukwaruza chini kwa uchungu wa kuzaa. Mama akamtazama, akasema: "Huyu akifa, kondoo wote waondoke. Mimi siwezi kuzika tena."

Tulijua hatanii.

Chupa ya uzazi ilipasuka asubuhi. Mpaka jua linakuwa kali, hakikutoka kitu ila pua ya mwanakondoo, na ulimi wake umeanza kuvimba. Miguu ya mbele ilikuwa imekunjika kuelekea nyuma. Daktari wa mifugo alisema kwenye simu kwamba yuko njiani, na hiyo njia yake sote tunaijua. Kila tulipomsogelea Bi Mkubwa, alitupiga kichwa. Mwanao seremala aliangukia pipa la maji, na mpaka leo anachechemea.

Tukakumbuka koti lako la zizini. Ulikuwa ukisema kondoo anamjua mtu kwa pua, basi binti yako akalivaa. Loo! Kumbe wakati wa msiba Shangazi alilifua kwa sabuni ya kunukia, akalipiga na pasi. Alitaka kukuheshimu, maskini. Bi Mkubwa alinusa mkono wa koti, akarudi nyuma, kisha akaja mbio akambana binti yako ukutani.

Ulimi wa yule mdogo ulishabadilika rangi. Ndipo Mama alipofungua lango.

"We mvivu!" Sauti ilitushtua hata sisi. "Unamngoja nani? Hayupo! Ameondoka, ameniachia wewe na ukaidi wako! Simama hapo!"

Bi Mkubwa akasimama. Alikuwa anatetemeka, masikio yameelekea mbele, lakini amesimama. Mama akajipaka mafuta ya kupikia mikononi, akakirudisha kichwa cha mwanakondoo ndani taratibu, akautafuta mguu mmoja, kisha wa pili. Muda wote huo alikuwa anagomba, nawe Baba uligombezwa humo humo. Tusiyarudie hapa, watu wanasoma.

Mwanakondoo alitoka amelegea, kimya. Mama akamsugua kwa nyasi kavu, akamchokoa pua kwa unyasi kama ulivyokuwa ukifanya. Kimya. Akamchokoa tena.

Mdogo akapiga chafya.

Mama aliketi pale pale chini, akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Bi Mkubwa alimlamba mwanawe, akaulamba na mkono wa Mama uliokuwa umelowa. Tulimwacha alie mpaka alipochoka. Kisha akainuka, akajifuta uso, akauliza nani ameliacha lango wazi.

Kondoo wanabaki, Baba.

Unakumbukwa na mkeo. Binti yako mwalimu. Mwanao seremala na mguu wake. Dada yako, ambaye siku hizi hafui kitu bila kuuliza. Wakwe zako na wajukuu.

Kukusahau hatukusahau. Na kwa kelele za Mama zizini, hata tungetaka, tusingeweza.