Kata ya Kwanza Siionji

Tura,
9 Julai 1989

Kwa kaka yangu Tobias,

Shikamoo kaka. Natumaini wewe, wifi na watoto hapo Cheyo, Tabora, mnaamka salama, na kwamba mguu ulioumia kazini kwenye reli sasa unakanyaga. Mimi sijambo, na ukifika kwenye neno hilo usitikise kichwa. Nakula, nalala, nachota maji yangu mwenyewe. Asali mwaka huu imekuwa nyingi, hata mizinga ya karibu na reli, ambayo nyuki huikimbia kwa makelele, imejaa.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa gadi wa treni. Umeniagiza nije harusi ya Josepha baada ya sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, nipike wanzuki, pombe yetu ya asali, nionje kata ya kwanza mbele ya wakwe kama shangazi wa bibi harusi anavyopaswa, na ugonjwa wangu niufungie mdomoni. Tena umetaka niache kwenda kwenye mazungumzo ya muuguzi Bertila, kwa kuwa anayeonekana akiingia pale zahanati watu wanajua ana nini. Kaka, nimekasirika, na ninakujibu hasira ikiwa bado ya moto, maana ikipoa nitakuandikia uongo wenye adabu.

Ulikuwepo daktari aliponiambia kwamba kilichomuua mume wangu Sylvester kimo pia kwenye damu yangu. Ulimsikia akisema virusi havina dawa, na kwamba pombe inavirahisishia kazi. Wewe ulitoka pale ukisema tusimwambie mtu. Mimi nilitoka nikijiuliza nitaachaje kunywa, mimi ninayeishi kwa kuuza wanzuki.

Desturi yetu unaijua. Mpishi hakabidhi kata mpaka anywe yeye kwanza, wote wakiona koo likimeza, ndipo waamini hamna kitu ndani. Sasa kila kundi lililoingia uani kwangu lilitaka kuona koo langu. Nilikuwa nalewa kabla ya wateja, na kilichobaki nikikinywa peke yangu kwa kumlilia marehemu. Ndivyo nilivyokuwa, hata kama wifi alikwambia ni uchovu.

Bertila hagombezi mtu. Anatukalisha zahanati, sisi wenye ugonjwa huu, na kutuuliza mkono unaifuata kata wakati gani, ukiwa na nani, moyo ukiwaza nini. Huko ndiko nilikogundua kwamba kiu yangu kubwa huja treni ya kutoka Tabora, aliyokuwa akirudi nayo Sylvester, inapopita naye hashuki. Basi siku hizi nikisikia honi yake naenda kwa Tatu, jirani yangu, tunatwanga mahindi na kusengenya watu. Pia tulifanya mazoezi ya kukataa: mmoja anajifanya mteja msumbufu, mwingine anakataa bila ugomvi. Mzee mmoja, ambaye jina lake si langu kulitoa, alinibembeleza vizuri mpaka akashikwa kiu yeye mwenyewe. Tulicheka sana siku ile, kaka. Sikumbuki mara ya mwisho uliponisikia nikicheka hivyo.

Kata za huzuni nilizishinda. Ile ya kwanza, ya mbele za watu, ndiyo iliyonishinda. Nilijaribu kwenda kuitema nyuma ya jiko, lakini ladha ikaita nyingine. Nikamwomba Tatu aonje badala yangu. Ngollo, fundi baiskeli aliyekuwa akinywa kwangu tangu Sylvester yu hai, akaiweka kata chini na kuuliza tangu lini mpishi akaogopa chakula chake. Wiki haikuisha, kijiji kizima kinasema najua nilichotia, na ndiyo maana mume wangu alikonda vile. Balozi wa nyumba kumi akaja, kwa upole kabisa, akaniomba nionje kama zamani ili mioyo ya watu itulie. Siri yako ilinifikisha hapo: ninywe nife, au nisinywe niitwe mchawi aliyemmaliza mumewe.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, ua ulijaa, wengine walikuja kutazama tu. Nilichota kata, nikasimama katikati yao, nikasema: "Sinywi. Nina virusi vya ukimwi, ndivyo vilivyomuua mume wangu, na pombe inaniharakishia kifo. Wanzuki hii ni safi. Anayetaka anywe, asiyetaka aende zake."

Wengi walikwenda zao. Mama mmoja alimvuta mwanawe kana kwamba kunitazama kunaambukiza. Ngollo alibaki, akaikodolea macho kata, kisha akainywa yote na kusema kwamba mtu aliyethubutu kutamka neno lile mchana kweupe hana haja ya kumwekea mwenzake sumu. Wateja wamepungua, sikufichi, na asali nyingine nawauzia abiria stesheni. Lakini tangu siku ile sijalewa, na jina la mchawi nimelivua.

Sasa lile utakalolichukia. Josepha anajua. Alipopita hapa kualika watu nilimweleza yote, kwa sababu sikutaka aletewe habari zangu na wachuuzi wa kwenye treni. Alilia, kisha akakasirika, na hasira yake haikuwa kwangu. Amemweleza mchumba wake pia, na mpaka leo uchumba haujavunjwa. Kwa hiyo harusini nitakuja, na wanzuki nitaipika kwa mikono yangu, ila mbele ya wakwe sitaonja, na sitasingizia malaria wala jino. Josepha amesema kata ya kwanza ataionja mwenyewe, shela ikiwa kichwani, na atakayeuliza kwa nini shangazi hanywi atajibiwa na bibi harusi.

Ukitaka kunizuia mimi, kaka, anza na binti yako.

Nisalimie wifi, mwambie atafute chungu kikubwa kisichovuja. Wasalimie na majirani wote, hata wale unaowaogopa. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako,
Apolinaria