Taa Iliyozimika Tangu Ramadhani

Jumapili, 12 Mei

Nilipomaliza kudeki chumba cha seva, Bashmuhandis Wagih, mhandisi wetu wa kompyuta, kanishika na somo. Yule akipata masikio hana breki. Seva, kompyuta kuu ya hospitali, ina nyaya mbili za mtandao, anasema. Zinagawana mzigo wa mafaili yote ya akina mama. Mmoja ukifa, wa pili unabeba wote, hakuna anayestuka. Nikamwambia hata mimi ninayo mawili — titi la kushoto lilipovimba, la kulia lilimnyonyesha mwanangu Hanin wiki nzima. Kawa mwekundu kama nyanya! Mhandisi mzima.

Alhamisi atachomoa waya mbele ya Daktari Safinaz, mkuu wetu, amwonyeshe kwamba hakuna kinachozimika. Siku hiyohiyo miezi yangu mitatu ya majaribio inaisha. Nikiajiriwa, Hanin ataingia chumba cha watoto wa wafanyakazi, ghorofa ya pili. Nitakuwa napanda kumnyonyesha. Ya Rabi!

Jumanne, 14 Mei

Nimepangusa vumbi nyuma ya seva. Taa ya waya wa chini inapepesa kama kichaa. Ya waya wa juu — giza. Na mimi najua tangu lini. Ramadhani. Nina njaa, mpini wa dekio ukanasa kwenye waya, nikausukuma kwa kidole na bismillahi. Nikadhani taa inapumzika! Kumbe waya mmoja unabeba hospitali nzima. Ndiyo maana mapokezi wanalia mafaili yanajikokota. Wagih huwaambia wapunguze tamthilia za Kituruki.

Na Alhamisi atachomoa wa chini. Unapepesa vizuri, anasema, Daktari ataona.

Jumatano, 15 Mei

Sijasema. Nikisema, kwaheri kitanda cha Hanin. Nisiposema, mafaili yanazimika na mama yuko mezani kwa upasuaji. Hanin kanitemea maziwa begani. Hata yeye!

Alhamisi, 16 Mei

Nimesema! Wagih kwanza kacheka: “Umm Hanin, shughulika na povu lako.” Nikamvuta shati hadi nyuma ya seva. Akatazama. Akakaa chini.

“Tangu Ramadhani?”

“Tangu Ramadhani. Mimi na mpini wangu.”

“Na mimi nilikuwa wapi?”

Hilo sikumjibu, nina adabu. Karudisha waya — haushiki, kichwa kimevunjika. Wa akiba? Uko kwake, nyuma ya televisheni. Katoka mbio dukani: “Daktari asiingie hadi nirudi!”

Nimemwaga ndoo mbili za sabuni mlangoni.

Sasa nimekaa ndani, naandika. Daktari Safinaz yuko ng'ambo ya povu na viatu vyake virefu. Anadhani naandika ripoti. Kauliza patakauka lini. Nikasema Mungu akipenda. Kauliza Wagih yuko wapi.

“Anakuja, Daktari.”

“Sina siku nzima. Nitauchomoa mwenyewe, si ule unaopepesa? Na hapa ndani nani anasimamia?”

“Mimi, Daktari.”

Kanitazama sana. Anavua viatu.

Naweka kalamu chini, nashika ndoo ya tatu.