Mume Yuko Malaysia, Sindano ya Nini?

Mpendwa Mama Zohriah, naomba msaada wako maana nimechoka, nimechoka kabisa. Mume wangu Sahnan anafanya kazi kwenye mashamba ya michikichi Malaysia, huja nyumbani Idi tu, na huku kwetu Lombok, Indonesia, mke ambaye mume yuko ng'ambo akionekana kwa mkunga akichomwa sindano ya uzazi wa mpango basi ana bwana, kwa hiyo kila Sahnan akiondoka naacha sindano, naye hurudi bila taarifa, eti anataka kunishtua nifurahi, na kabla sijafika kwa mkunga mimba imeshaingia, hata wanangu watatu wa mwisho majirani wanawaita watoto wa Idi. Uzazi uliopita nilivuja damu mpaka mkunga akasema mwingine utaniua. Juzi tukitunga majani ya tumbaku nikagusia habari hiyo, shoga yangu Mahnep akadakia, "We mama, mume yuko Malaysia, sindano ya nini? Au umepata kibarua wa usiku?" Wote wakaangua kicheko, isipokuwa mavyaa wangu, aliyekuwa akitunga nasi. Idi inakaribia. Nampenda mume wangu, lakini pikipiki ikisimama nje nachungulia dirishani nikiomba asiwe yeye. Nifanye nini?

Mama Husnul, Lombok Mashariki

Mama Husnul, pole sana mwanangu. Sasa nikugombeze. Mkunga kakwambia utakufa, Mahnep kakwambia utachekwa, wewe ukamsikiliza Mahnep! Siku ile ya damu alikuwa wapi? Kila Idi ikikaribia napokea barua kama yako, na mimi pia nimechoka. Wanawake mnaacha kinga ili muonekane waaminifu, halafu mnazikwa mkiwa waaminifu.

Nenda wiki hii, usingoje mwezi uandame, maana dawa huhitaji siku kadhaa kabla ya kushika. Mweleze mkunga habari ya damu, akupime, kisha muulize kuhusu kijiti cha mkononi. Wengi wanaoniandikia wameacha sindano wakahamia huko, kwa kuwa kinakaa miaka na hakuna tena safari za kuhesabiwa na majirani. Na mavyaa ambaye hakucheka, mwombe akusindikize. Anayeingia kwa mkunga na mama wa mumewe, nani atamsema?

Mkitoka hapo mpigie Sahnan, asisikie kwa watu. Mwambie, "Baba Husnul, nimeweka kijiti kwa ajili yako. Nataka safari hii ukifika nikupokee bila hofu."