Ngozi Haina Haraka

Jumatatu, 20 Aprili 2020

Amri mpya ya mganga mfawidhi: kliniki ya ngozi siku moja tu kwa wiki, siku atakayopanga yeye, na mgonjwa asiguswe. Akae upande wa pili wa meza, anionyeshe picha ya kipele kwenye simu. "Daktari Veneranda, kuna korona. Ngozi haina haraka." Mbele ya wauguzi wote! Nikajibu, sawa mkuu. Mdomo ndio uliojibu, si mimi.

Haina haraka! Leo nimeona mikono ya wauza dagaa imepasuka kwa klorini hadi damu. Na nyuso — nyungu jamani! Watu wanajifukiza mpaka wanajiunguza. Mama mmoja wa Ujiji kaja kachemka kama muhogo, na bado ananipa pole mimi kwa kuvaa barakoa joto lote hili.

Ijumaa, 24 Aprili

Siku ya ajabu. Niandike yote kabla sijapoa.

Asubuhi getini, Mzee Hamdani mlinzi ananipigia soga. Kuna Mbembe mmoja kutoka Kongo kawekwa kwenye hema la waliovuka ziwa, wasubiri siku zao za karantini. Kinachomchekesha: huyo Mbembe anasali Kirundi usiku kucha, Kibembe hajui hata salamu!

Nikasimama. Mzee, ulimuuliza nini? Anatoka wapi? Hapana, anasema, nilimuuliza ana nini. Akajibu nini? "Mbembe." Na barakoa mdomoni, na kamba yetu ile ya kutenganisha watu, basi alisikia alivyosikia.

Miaka niliyofanya kazi kwenye kambi ya wakimbizi wa Burundi haikwenda bure. *Imibembe!* Kwa Kirundi ni ukoma. Maskini alikuwa anataja ugonjwa, wakamwandikia kabila.

Nilikimbia mpaka hemani. Na kiatu kimoja kikachomoka, nikakiacha.

Anaitwa Kaneza. Kongo hajawahi kuiona. Ni fundi cherehani wa Rusimbi, hapa hapa mjini. Aliingia nchini akiwa mgongoni mwa mama yake, mwaka wa wakimbizi. Kiswahili anakiongea kuliko mimi. Nikamuuliza, sasa kwa nini hukusema ukoma? Akainama. "Kwa Kiswahili lilinishinda kutamka, muganga. Watu walikuwa wanasikia."

Baka moja kwenye mkono wa kulia, limepauka. Anashona barakoa tangu mwezi uliopita. Juzi aliona vidoa vya damu kwenye kitambaa, akadhani ni rangi. Kumbe sindano inamchoma kidole na yeye hasikii!

Nikamuuliza nyumbani hawakugundua? Akacheka kidogo. "Nani agundue? Siku hizi hakuna anayenipa mkono."

Hilo limenikaa. Sisi watu wa kushikana mikono kwa salamu hata dakika nzima. Korona imetukataza, na ugonjwa ukapata pa kujificha.

Nikamtoa hemani, nikamleta kliniki. Kupima ukoma ni kugusa: unamfumba mtu macho, unampapasa kwa pamba, anaonyesha ulipomgusa. Muuguzi Frida, Mungu ambariki, akafunga pamba kwenye mpini wa dekio! Mimi huku, Kaneza kule, fimbo katikati. Mfawidhi akapita dirishani, akatupa dole gumba. Tukacheka mpaka barakoa zikalowa.

Bakani hasikii. Kidole kidogo hasikii. Lakini nguvu ya kidole haipimwi kwa dekio. Lazima usukume, naye asukume. Nikanawa, nikamshika mkono.

Akalia. Nami macho yakanisaliti. Kidole kidogo kililala tu kwenye changu, hakikusukuma.

Mshipa wa fahamu umevimba. Dawa za ukoma zipo, ni za bure, na prednisoloni ya kuokoa mshipa nimemwanzishia leo leo. Tukichelewa, vidole vinajikunja na cherehani basi tena. Ana miaka ishirini na mitatu.

Jumatatu, 27 Aprili

Mfawidhi kajua nimemshika. Kaniita. Nikamwambia ukweli wote: mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi ndio tuliomsaidia kuyaficha, hemani. Akanisogezea boksi mezani. Halafu: vaa glavu, lakini kliniki inabaki siku moja. Ikifika mwisho wa Juni bila sababu ya maana, chumba nakichukua.

Bila sababu ya maana!

Jumatano, 13 Mei

Kaneza kaja. Hakuna badiliko. Anauliza kama aiuze cherehani. Nikamkaripia kama dada mkubwa. Uuze? Uuze ule nini?

Sijala vizuri leo.

Alhamisi, 28 Mei

Bado. Lakini anasema jana sindano ilimchoma — AKASIKIA! Kapiga kelele cherehanini, majirani wakadhani nyoka. Anasimulia huku anarukaruka. Mtu kafurahia maumivu! Sikutaka kuamini mapema.

Jumanne, 9 Juni

Naandika kliniki, mezani, siwezi kungoja jioni.

Kaneza amekaa mbele yangu. Nimemwambia sukuma. Kidole kidogo kikatetemeka, kikatulia. Nikamwambia tena, sukuma kama unanisukuma mimi niliyekukaripia.

Kikasukuma! Kidogo, lakini kimesukuma, nimekisikia kwenye mfupa wangu! "Mana yanje, Mungu wangu," anasema. Tumepiga vigelegele, Frida kaangusha dekio. Sababu ya maana hii hapa, ina kucha na ina pete ya shanga!

Anaendelea kusukuma peke yake, kwenye ukingo wa meza, anahesabu kwa Kirundi. Hataki kuacha.

Mlango unagongwa. Frida kachungulia, karudi kashika mdomo. Ni mfawidhi. Kajifunika taulo usoni — nyungu, jana usiku. Hakuna malengelenge, wekundu tu, Frida kashamwekea kitambaa cha maji baridi. Anaomba sana nimwone sasa hivi.

Kaneza bado hajatoa mkono mezani. Nimempa kidole changu tena, na kwa mkono wa pili naandika. Nimemwambia Frida amkaribishe mkuu kwenye benchi, na amwambie kwa heshima zote, ngozi haina haraka.