Sabuni Iliyobaki Kwenye Shuka

Jumatatu, 3 Machi

Mgongo wa baba umekuwa mwekundu. Si wote, ni pale mabegani na kiunoni anapolalia. Shangazi ameniita nione wakati anambadilisha shuka. Baba anasema ni joto tu, tumwache. Lakini anajikuna. Tangu apate kiharusi ana mkono mmoja tu wa kujikunia, na huo mkono haukutulia jioni nzima.

Nimeanza kuwaza. Mimi nikianza kuwaza, ndiyo basi tena.

Mashine ya kufulia iko bafuni kwetu tangu mwezi uliopita. Ni ya kiwanda, lakini wazo ni langu. Mashine za kawaida humwaga sabuni sehemu moja, nguo zigombanie zenyewe. Iliyo juu inashiba, ya katikati inaambulia harufu. Yangu inayeyusha sabuni kwanza, halafu pampu inaisukuma ipite kwenye zile mbavu za ndani ya pipa zenye matundu, ili kila nguo inapogeuka ipate haki yake. Meneja akaniruhusu niilete nyumbani, ijaribiwe na nguo za watu wa kweli. Nikafurahi! Shuka za baba zinafuliwa kila siku – nani angeijaribu kuliko sisi?

Mashine, tangu mwezi uliopita. Na mgongo, tangu lini? Shangazi hakumbuki.

Jumatano, 5 Machi

Nesi amekuja kumwangalia. Mtu mpole, anaongea kama anayemwagia mtoto maji. Anasema ni moja kati ya mawili. Ama kitu kinachogusa ngozi, na mara nyingi ni sabuni iliyobaki kwenye nguo. Ama kitu cha ndani – ini, au figo – ngozi inatoa habari tu. Tuanze na rahisi, akasema. Asipopata nafuu, aende hospitali wampime.

Ini. Figo. Mama naye alianza na kitu kidogo.

Shangazi amekasirika kwa niaba ya mashine. Anasema hiyo ndiyo iliyookoa kiuno chake, na kwamba nikiisingizia atahama. Ni dada yake baba, hana pa kuhamia, lakini nikamwomba radhi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwambia meneja. Sisi tunamwita Bwana Shwari, kwa sababu hata siku stoo ilipoungua alisimama nje akasema mambo shwari. Leo pia ni shwari. Ijumaa ya wiki ijayo wanunuzi wanakuja kuiona mashine ikifanya kazi. Wakiipenda, inaanza kutengenezwa. Wasipoipenda, mradi unafungwa, na mimi narudi kule nilikotoka, kukaza skrubu za milango.

Nikamuuliza, tumewahi kuijaribu kwa shuka kubwa? Akasema shuka hazimo kwenye utaratibu. Kweli hazimo. Tunajaribu kwa vitaulo, tunavitia kimoja kimoja kwa adabu. Nani duniani anafua vitaulo vitupu? Na huo utaratibu aliuandika nani? Mimi. Nyani haoni kundule.



Jumamosi, 8 Machi

Nimepata njia! Manjano, yale ya jikoni. Yeyote aliyewahi kudondoshea shati jeupe mchuzi anajua: ukipaka sabuni, lile doa linageuka jekundu. Ukisuuza mpaka sabuni iishe, linarudi njano. Kwa hiyo kitambaa chenye manjano kinaweza kuniambia sabuni imebaki wapi.

Nimechana foronya kuukuu, nikachovya vipande kwenye manjano, nikavianika. Nikavishonea kwenye shuka ya baba, pembeni na katikati. Nikaiwasha mashine, nikatoka kidogo kumpa baba dawa.

Vya pembeni vimetoka njano safi. Vya katikati – vyekundu kama tofali. Shuka ilikuwa imejiviringisha ikawa donge, sabuni imeingia ndani na maji ya kusuuza hayakuifuata. Nimekaa chini bafuni. Ni mimi. Ni mimi ninayemchoma baba yangu.

Kumbe shangazi amesimama mlangoni. Ananitazama, anatazama shuka. Halafu anasema, taratibu, kwamba aliongeza konzi ya sabuni nilipotoka. Aliona vitambaa vya manjano, akajua shuka itaharibika, akafungua droo ya sabuni akaiokoa.

Nikamuuliza, na siku nyingine, huwa unaongeza? Akaapa: siku nyingine mashine inajipimia yenyewe, yeye droo hiyo anaogopa hata kuigusa.

Kwa hiyo sijui. Ule wekundu ni wa mashine au wa konzi ya shangazi? Nikasema nirudie upesi. Sikuwahi. Gari la kiwanda limekuja kuichukua, Bwana Shwari anataka ing'arishwe kwa ajili ya wageni. Nimewaomba vijana wa gari wasubiri nifue mara moja tu. Wakacheka.

Jumapili, 9 Machi

Tunafua kwa mikono. Nasuuza mpaka vidole vimekunjamana, kisha nasuuza tena. Shangazi hasemi na mimi. Anamwambia baba, nami nikiwa palepale: mwambie binti yako ndoo imejaa. Baba anageuka, ananiambia: mama, ndoo imejaa. Halafu akaniangalia usoni akasema, jikaze kisabuni. Tukacheka wote, hata shangazi, ingawa alijificha kwa upande wa khanga.

Baada ya kucheka akajikuna.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwomba Bwana Shwari anifungulie chumba cha maonyesho, nirudie jaribio. Amekataa. Baada ya Ijumaa, anasema, nifue hata mapazia ya ofisi nzima. Ufunguo uko mfukoni mwake na anaupigapiga akiongea.

Mgongo uleule. Au umepungua? Nimeutazama mpaka nimeacha kuona.

Alhamisi, 13 Machi

Kaka amekuja. Amefunua shati la baba, ameangalia mara moja, akatangaza: wekundu umepungua. Shangazi akasema haujapungua hata chembe. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Kaka hataki kusikia neno hospitali, tangu ya mama. Shangazi anataka mashine yake irudi ikiwa na jina safi. Na mimi? Mimi navutia wapi? Naogopa kujijibu.

Nesi naye anasema siku chache za kufua kwa mikono hazitoshi kutuambia kitu, ngozi ya mzee hupona polepole. Lakini kama ni ini, kusubiri ni hatari. Anaweza kumpatia baba nafasi ya vipimo Jumatatu. Anataka jibu kesho. Vipimo vyenyewe si mchezo – kumlaza siku kadhaa, kumchoma sindano ubavuni, na kifua chake kile kibovu.

Nimeshona vipande vya manjano kwenye shuka nyingine. Nimeikunja, iko ndani ya mkoba. Sijaamua kitu, nimeishona tu.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa kwenye meza ya pembeni, chumba cha maonyesho. Wanadhani nanukuu vipimo vya mashine.

Wageni wamefika asubuhi, mmoja wao mama mwenye maduka, mnene, mchangamfu, anayegusa kila kitu. Bwana Shwari amefua vitaulo vyake. Vimetoka safi, wamepiga makofi. Mama mwenye maduka akanishika bega akasema, binti una kichwa. Bwana Shwari akauliza kama kuna swali. Anaanza kuwaelekeza kwenye chai.

Nikasikia sauti yangu ikisema kuna jaribio moja limebaki.

Nimetoa shuka. Nimewaeleza yote, mficha uchi hazai: njano, imesuuzwa, nyekundu, sabuni imebaki, na mtu atailalia. Sikusema mtu gani. Bwana Shwari bado anatabasamu, lakini shingo imemtoka jasho. Akanong'ona, unajua unachofanya? Nikamwambia hapana. Mama mwenye maduka amevuta kiti karibu kabisa na mlango wa mashine. Nimemwomba ailinde droo ya sabuni, mashine ijipimie yenyewe, na hakuna mkono ulioikaribia.

Sasa inazunguka. Shuka imeshakuwa donge. Naliona kwenye kioo likipanda na kuanguka, na katikati yake hakuonekani.

Nesi ameniandikia kwenye simu: nimwekee nafasi Jumatatu? Sijajibu.

Ikitoka njano, mashine haina kosa. Wataipenda. Nitapewa chumba changu na watu wa kufanya nao kazi. Na Jumatatu nitampeleka baba wakatafute kilicho ndani yake.

Ikitoka nyekundu, ni sabuni. Ni mimi. Basi ni kusuuza tu, na mafuta ya mgongo, na muda.

Imemaliza kukamua. Imesimama. Kufuli la mlango huchelewa kidogo kabla ya kuachia. Bwana Shwari ananiita nije nifungue kwa mkono wangu, wageni wote wamesogea. Nakuja, nimesema nakuja. Naandika mbiombio mpaka herufi zinapanda mlima. Kazi yangu yote imo mle ndani, na mimi hapa naomba nyekundu.